Koti la Maji: Mlinzi wa Injini na wa Maziwa

Mkulima mwenye injini ya kusagia posho, au ya kupandisha maji kutoka mtoni, au trekta ya kulimia, ana mali ambayo yaweza kuharibika kabisa kwa muda wa dakika kumi. Hahitaji mwizi wala moto wa nyumba ili apate hasara hiyo. Yatosha maji lita chache yapungue mahali yanapotakiwa. Katika skimu zetu mara nyingi injini moja ni ya watu wengi. Walichanga pesa, pengine walikopa, na kila mwezi wanalipa. Injini ikipasuka, deni halipasuki pamoja nayo. Kwa sababu hii inafaa kila mtu anayefanya kazi karibu na mashini, hata kijana anayepokea magunia mlangoni, ajue koti la maji ni kitu gani.

Ukitazama injini kutoka nje unaona chuma kizito tu. Lakini ndani yake kuna silinda, yaani tundu la mviringo ambamo pistoni huenda na kurudi, na kuta za silinda hiyo hazikushikamana na ukuta wa nje. Kati yake iko nafasi, na nafasi hiyo imejaa maji. Maji huizunguka silinda pande zote kama vile koti linavyomzunguka mtu, na ndiyo sababu mafundi huliita koti la maji. Kichwa cha injini nacho, kile kifuniko kizito kilichofungwa kwa nati kubwa, kina koti lake. Maji hutoka koti moja kwenda jingine kwa kupitia matundu yaliyotobolewa katika gasketi.

Pengine utauliza, kwa nini taabu yote hii? Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto la moto ule laweza kufika karibu digrii 2,000 za Selsiasi. Chuma cha silinda huyeyuka karibu digrii 1,200, na alumini, ambayo pistoni nyingi hutengenezwa kwayo, huyeyuka kwa digrii 660. Moto huo hudumu muda mfupi mno, lakini hurudi tena na tena, mamia ya mara kila dakika. Isitoshe, mafuta unayoyanunua hayageuki yote kuwa kazi. Katika injini ya dizeli karibu theluthi moja tu ndiyo huzungusha gurudumu. Theluthi nyingine hutoka katika bomba la moshi, na iliyobaki, nayo ni karibu theluthi, huingia katika chuma. Ni kama kusema kwamba katika kila lita tatu unazolipia, karibu lita moja ni ya kupasha maji moto. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, oili huwa nyepesi kama maji, pistoni hutanuka na kuushika ukuta wa silinda, na injini hukwama.

Maji yalichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu hupatikana kila mahali, na tena kwa sababu ni mchukuzi hodari wa joto. Ili kupanda digrii moja, kilo moja ya maji humeza joto karibu mara tisa kuliko kilo moja ya chuma.

Sasa tuiangalie injini ya namna ya Lister, ile ndefu yenye magurudumu mawili mazito, ambayo imesaga mahindi ya wakulima kwa miaka mingi. Lister CS ilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika, na hiyo ni sababu moja ya kudumu kwake. Kando ya injini hiyo husimama pipa la maji lenye mabomba mawili, moja juu na moja chini. Wengi hushangaa kwamba hakuna pampu ya kuyasukuma maji. Basi huendaje?

Weka sufuria ya maji mekoni, utie majani ya chai machache, utazame. Majani yatapanda katikati na kushuka kando, ingawa hakuna mwiko unaokoroga. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda, na ya baridi hushuka kushika mahali pake. Katika injini ni vivyo hivyo. Maji yaliyo ndani ya koti hupata moto, hupanda, na kutoka kwa bomba la juu kwenda katika pipa. Ndani ya pipa hupoa, hushuka chini, na kurudi katika koti kwa bomba la chini. Injini ikizidi kupata moto, maji huzidi kwenda mbio. Mtu aliyebuni jambo hili alijua kuwa dereva aweza kusahau, na akaitengeneza mashini ijihudumie yenyewe.

Lakini kuna sharti moja, na hilo ndilo huvunja injini nyingi. Maji ya pipa lazima yafunike mdomo wa bomba la juu. Yakishuka chini ya mdomo huo, hata kwa upana wa vidole viwili, njia imekatika. Maji yanapanda kutoka kwenye koti na hayana mahali pa kumwagikia. Pipa laonekana karibu limejaa. Mtu anaweka mkono wake juu ya pipa, anakuta ni baridi, anasema, "Injini ni nzima, pipa halina hata joto." Kumbe pipa ni baridi kwa sababu joto halifiki huko! Maji machache yaliyonaswa ndani ya koti yanachemka peke yake, na muda si muda yatakuwa mvuke mtupu.

Kwa hiyo usipime joto la injini kwa kushika pipa. Shika mabomba, kwa uangalifu. Baada ya kazi ya nusu saa, bomba la juu liwe la moto na la chini liwe na uvuguvugu. Ikiwa la juu ni baridi na injini imekwisha kufanya kazi muda mrefu, punguza mzigo mara moja ukatafute sababu. Pia piga alama ya rangi nyeupe ndani ya pipa, kiasi cha upana wa kiganja juu ya mdomo wa bomba la juu. Yeyote atakayewasha injini asubuhi aitazame alama hiyo kwanza.

Bomba la juu lipande kutoka kwenye injini kwenda kwenye pipa bila nundu yoyote, kwa maana hewa hujificha katika nundu na kufunga njia. Wala usibadili mabomba mapana ya asili kwa mpira mwembamba wa kunyweshea bustani. Msukumo wa maji haya ni dhaifu, hauwezi kupita katika njia nyembamba. Pipa nalo lisimame juu ya msingi wa mawe au matofali, kitako chake kisiwe chini ya mlango ambamo maji huingia katika injini. Lifunike ili majani na kuku wasiingie, lakini usilizibe kabisa. Mvuke wahitaji kutoka.

Kuna injini nyingine ndogo, zenye silinda moja iliyolala na sanduku la maji juu yake. Hizi huchemka waziwazi, na mgeni huogopa aonapo mvuke. Hakuna la kuogopa. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto jingi sana, na mashini hiyo ilitengenezwa kupoa kwa njia hiyo. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipozwa vivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba maji hupungua saa kwa saa. Nyingi zina kielea chenye kichwa chekundu kinachoonekana juu ya sanduku. Kikianza kushuka, ongeza maji kidogo kidogo wakati ule ule. Usingoje kizame.

Trekta haina pipa wala sanduku. Ina rejeta, pampu ya maji, na feni ya kuvuta upepo. Hapa maadui ni wawili: mkanda uliolegea na makapi. Wakati wa kupukuchua mahindi au kuvuna ngano, makapi hujaza uso wa rejeta hata upepo usipite. Yapulize kutoka upande wa injini kwenda nje, ili yarudi yalikotoka. Ukiyapuliza kutoka mbele utayasukuma ndani zaidi.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo, na watu wengi hukidharau. Kikipotea huweka kitambaa, au gunzi la mahindi. Sikiliza basi. Mombasa, karibu na bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Kadiri unavyopanda milima hewa huwa nyepesi, na maji huchemka mapema. Huku Ol Kalou na Kinangop huchemka karibu digrii 92, na ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva. Injini yako haijui kama iko Kinangop. Yafanya kazi kwa joto lile lile la Mombasa, na kwa hiyo nafasi yako kabla ya maji kuchemka ni ndogo zaidi. Kifuniko chenye springi huyabana maji, na maji yaliyobanwa hukataa kuchemka mpaka yapande digrii kumi na zaidi kupita kiasi cha kawaida. Gunzi haliwezi kufanya hivyo. Mkulima wa nyanda za juu ndiye anayehitaji kifuniko kizuri kuliko watu wote.

Nguvu hiyo hiyo ya kubana ndiyo huunguza nyuso za watu. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa na moto, maji yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke kwa ghafula na kuruka. Usikifungue mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono bila maumivu. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Usimpake mafuta wala unga.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja. Wengi hudhani kwamba kadiri injini inavyokuwa baridi ndivyo inavyokuwa na afya. Sivyo. Dizeli hupenda kufanya kazi maji yakiwa karibu digrii 80 au zaidi kidogo. Injini ikiwa baridi, mafuta hayawaki yote. Yasiyowaka huosha oili kutoka kwenye kuta za silinda, na unyevu wa moshi huganda ndani na kula chuma. Kwa hiyo injini ya trekta ina kilango kiitwacho thamostati, kinachowazuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha. Wako mafundi wanaokitoa kilango hiki na kukitupa mara injini inapochemka, wakasema wameiponya. Wamekuondolea kelele, lakini kama rejeta imeziba bado imeziba, na tangu siku hiyo silinda italika kila asubuhi. Ukitaka kujua kama thamostati ni nzima, ifunge kwa uzi, uitumbukize katika sufuria ya maji juu ya moto. Yapasa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Tena yako maji yenyewe. Tazama ndani ya birika la chai la zamani utaona ukoko mweupe. Ukoko huo hutokana na chokaa na chumvi zilizomo ndani ya maji, na hujijenga vivyo hivyo ndani ya koti la injini, mahali ambapo jicho haliwezi kuona. Hupitisha joto vibaya mno. Ukoko wa unene wa milimita moja waweza kuzuia joto kama chuma cha unene wa milimita 20 au zaidi. Injini yenye ukoko yaweza kuunguza kichwa chake ingawa pipa limejaa hadi juu, na mwenyewe hatajua sababu.

Kila lita unayoongeza huleta chokaa yake. Mvuke huondoka na maji tu, chokaa hubaki. Kwa hiyo usifanye mtindo wa kuchota maji ya moto ya pipa kwa kuoshea vyombo na kulijaza tena. Najua ni kishawishi kikubwa, maana ni maji ya moto ya bure. Lakini hulipwa baadaye kwa fundi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati, ambayo hayana chokaa ya kutajwa, na uyachuje kwa kitambaa. Kwa rejeta ni bora kutia na dawa ya kuzuia kutu, ile ya rangi inayouzwa madukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Iweke mbali na watoto na mbwa. Nyingi zina utamu, nazo ni sumu. Kama ukoko umekwisha kuingia, mwite fundi mwenye dawa yake. Asidi huuyeyusha, lakini asidi iliyosahauliwa ndani huendelea kula chuma.

Na ikitokea kwamba injini imekauka? Siku ya soko foleni ya wanawake wenye mahindi ni ndefu, mvuke watoka, kisha mvuke wakoma, na harufu ya rangi iliyoungua yasikika. Hapo mwendeshaji hutetemeka na kukimbilia ndoo. Asimwage! Chuma kilichopata moto mwingi kikimwagiwa maji baridi hujikunja upande mmoja kabla ya upande mwingine, na hupasuka. Injini nyingi ambazo zingeweza kupona huuawa na ndoo hiyo, wala si na ukame wenyewe. Izime. Waambie watu wangoje, au waende kwa jirani. Iache saa nzima au zaidi mpaka uweze kuigusa, kisha tia maji polepole. Kama hayakuisha bali injini imepata moto tu, toa mzigo, uiache izunguke taratibu dakika chache ili maji yaendelee kutembea.

Baada ya hapo vuta kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepenya kwa sababu ya gasketi iliyoungua au ufa. Usiiwashe tena. Oili iliyochanganyika na maji hailindi chuma, na kwa kazi ya siku moja utageuza matengenezo ya gasketi kuwa matengenezo ya injini nzima. Mapovu yanayotoka mfululizo katika pipa injini inapozunguka ni dalili ya ugonjwa huo huo.

Tumesema habari za kupoza. Lakini koti laweza pia kupasha joto. James Watt wa Scotland, katika mashine zake za mvuke alizozipatia hataza mwaka 1769, alikuwa na shida kinyume cha yako. Silinda ikipoa, mvuke uligeuka maji kabla ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo aliizungushia silinda koti la mvuke ili ikae na moto daima.

Wakulima wa maziwa mtaliona koti kama hilo katika kiwanda kidogo cha sosaiti. Tangi la kuulia vijidudu vya maziwa lina kuta mbili, na kati yake hupita maji ya moto. Maziwa hayaguswi na moto kamwe, kwa hiyo hayaungui wala kushika chini. Hupashwa hadi digrii 63 na kuwekwa hapo kwa dakika 30, yakikorogwa. Kisha maji ya moto hutolewa katika koti lile lile na maji baridi huingizwa. Nyumbani waweza kufanya hivyo kwa kuweka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, mradi uwe na kipima joto.

Faida kubwa zaidi kwako iko katika maziwa ya jioni. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la digrii 37 au 38, na katika joto hilo vijidudu vyaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au upesi zaidi. Tengeneza birika la saruji kivulini, na usimamishe mkebe wa maziwa ndani yake, maji yafike shingoni lakini yasifike kwenye kifuniko. Huo mkebe sasa umevaa koti. Chukua mfano. Una lita 20 za maziwa zenye joto la digrii 36, na lita 60 za maji ya kijito zenye digrii 15. Vitakutana karibu na digrii 20. Mwaga maji hayo, utie mengine lita 60 ya baridi ile ile, na maziwa yatashuka mpaka karibu 16. Hiyo si baridi ya friji, ambayo ni digrii 4, lakini ni tofauti kubwa ukilinganisha na mkebe uliolala jikoni.

Maji ya kwanza si ya kutupwa. Yapeleke kwa ndama.

Tumia mkebe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu. Alumini hupitisha joto mara mamia kuliko plastiki, na mtungi wa plastiki, mbali na kuwa mgumu kuosha, huyafungia maziwa joto lake ndani. Koroga maziwa kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa, mara kwa mara katika nusu saa ya kwanza, kwa maana maziwa ya katikati hayafikiwi na baridi upesi. Na asubuhi usimimine maziwa mapya yenye joto juu ya yale yaliyolala kwenye maji. Yapoze kwanza katika mkebe wake, au uyapeleke mbali mbali, na umwambie karani wa sosaiti ni mkebe upi wa jioni na upi wa asubuhi.